Nikatwe au nitobolewe? Upasuaji wa wazi na wa matundu madogo kwenye mizani

"Sista, nikatwe au nitobolewe?" Kwenye korido za wodi ya upasuaji sijaulizwa swali jingine mara nyingi kama hili. Aliyeniuliza kwa maneno hayo hasa alikuwa mama mmoja muuza vitumbua, mkononi ana karatasi ya ultrasaundi iliyokunjwa mara nne, jasho limeshafuta nusu ya maandishi. Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Jirani yake alitolewa mawe kama hayo kwa matundu, kesho yake akatoka anatembea mwenyewe. Dada yake, miaka mingi nyuma, alikatwa chini ya mbavu akalala wodini wiki nzima. Kitanda cha tatu kutoka pale alikuwapo kijana wa bodaboda mwenye ngiri, naye ana swali lile lile, ila moyoni ameshajijibu: anataka matundu, maana amesikia ndiyo ya kisasa.

Mama nilimwambia aombe matundu kama daktari ataona inawezekana. Kijana nilimwambia akubali kukatwa tu, tena kwa ganzi ya sehemu, na huenda akalala kwake usiku huo huo. Alinitazama kama nimemnyima kitu.

Mimi ni nesi wa thieta, mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu ni kusimama mkabala na daktari, kumpa vyombo, kuhesabu vitambaa na sindano, na wakati mwingine kushika kamera. Kwa hiyo naandika ninavyoona kutoka pale mezani. Na jambo kubwa ninaloliona ni kwamba watu wanachagua njia kabla hawajauelewa ugonjwa. Njia inayomfaa mwenye mawe ya nyongo si lazima imfae mwenye ngiri, na mwenye utumbo uliotoboka hana muda wa kuchagua kabisa.

Upasuaji wa jumla unashika wapi

Jina linawachanganya watu, wanadhani ni daktari anayepasua kila kitu. Daktari bingwa wa upasuaji wa jumla hasa ni mtu wa tumbo: utumbo mwembamba na mpana, kidole tumbo, mfuko wa nyongo, ini, wengu, ngiri. Humo ongeza uvimbe wa matiti, tezi la shingo, bawasiri, majipu, vidonda vya ngozi, na majeraha ya ajali. Mifupa ina mabingwa wake, ubongo una wake, moyo una wake. Kwa Afrika Mashariki wengi wa mabingwa hawa hupitia chuo kikuu au hufundishwa hospitalini chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha.

Ndani ya fani hiyo, njia za kuufikia ugonjwa kwa leo ni tatu: kukata wazi, kuingia kwa matundu madogo, na kutumia roboti, ambayo nayo kimsingi ni matundu yanayoongozwa na mashine. Ipo na ya nne ambayo watu huisahau, nayo ni kutopasua.

Kinachotokea ukiwa umelala

Kwa upasuaji wa wazi, daktari anakata ngozi, anapita kwenye mafuta, anafika kwenye utando mgumu mweupe ambao ndio hasa unaolishika tumbo lisifumuke, kisha anafungua utando laini unaozunguka matumbo. Sasa anaona kwa macho yake na, jambo ambalo mgonjwa halifikirii, anagusa. Mkono wa daktari mzoefu unajua mengi. Nimemwona bingwa akiingiza vidole nyuma ya utumbo asikokuona, akafumba macho kidogo, akasema "kipo hapa", na kikawa hapo kweli.

Kwa matundu madogo, tundu la kwanza hupita kwenye kitovu au kando yake. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa mgandamizo wa milimita 12 hadi 15 za zebaki, linainuka na kukaza kama ngoma, ili kuwe na nafasi kati ya ukuta na matumbo. Inaingia kamera nyembamba ya upana wa milimita 5 au 10, halafu matundu mengine mawili au matatu ya vyombo virefu. Kila mtu chumbani anatazama skrini. Daktari akipeleka mkono kushoto, ncha ya chombo ndani inakwenda kulia, kwa sababu chombo kinazungukia kwenye tundu kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi. Mwanafunzi anahitaji miezi mingi kabla mkono haujazoea kinyume hicho. Na kioo cha kamera kikiingia kwenye joto la tumbo kinafanya ukungu. Kwetu tunaweka chupa ya chai yenye maji ya moto safi pembeni, kamera inachovywa humo kila skrini inapofifia. Mtu akikuambia matundu ni "mashine inafanya yenyewe", jua hajawahi kuingia humo ndani.

Njia hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Georg Kelling wa Ujerumani alichungulia tumbo la mbwa kwa bomba jembamba lenye kioo mwaka 1901. Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa matundu mwaka 1980, na wakubwa wa upasuaji nchini kwake wakataka asimamishwe kazi. Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985 katika mji wa Böblingen. Alipowaeleza wenzake mwaka uliofuata walimkataa, na mwaka 1992 chama kile kile cha madaktari kikampa tuzo.

Mawe ya nyongo: hapa matundu yanashinda

Nianze na pale ambapo jibu liko wazi. Mfuko wa nyongo umejificha chini ya ini, upande wa kulia, chini ya mbavu. Carl Langenbuch wa Berlin alikuwa wa kwanza kuutoa, mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka 100 waliomfuata walipita njia ya kukata. Shida ya mkato ule si urefu wake tu. Uko mahali ambapo kila pumzi inaugusa. Mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi kwa kina, anaogopa kukohoa, makohozi yanatuama, na siku ya tatu unamkuta na homa ya mapafu. Mtu huyo atakaa wodini siku kadhaa, na nyumbani atapumzika wiki 4 hadi 6.

Kwa matundu, mfuko ule ule unatolewa kupitia matundu manne. Unakatwa kutoka kwenye ini, unatiwa ndani ya kifuko cha plastiki humo humo tumboni, unavutwa kutokea kitovuni. Wengi wanaondoka kesho yake, wengine jioni ile ile. Baada ya wiki moja au mbili mtu anarudi kwenye shughuli nyepesi. Kwa mama wa vitumbua, ambaye siku asipowasha jiko hakuna anayempa hela, tofauti hiyo ni ada ya shule ya mtoto. Ndiyo maana nilimshauri vile.

Lakini nilimwambia na upande wa pili. Kwanza, bega litauma, hasa la kulia, siku moja mbili. Hewa iliyobaki inasumbua kiwambo cha kupumulia, na mishipa ya fahamu ya kiwambo inatoka mahali pamoja na ya bega, kwa hiyo ubongo unaona bega ndilo lenye shida. Wagonjwa wasioambiwa hili wanadhani ni moyo. Pili, na hili ni zito, mrija mkuu wa nyongo unaweza kukatwa kwa bahati mbaya. Hutokea kwa nadra, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100, ila kwa matundu hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wazi, na madhara yake yanaweza kumfuata mtu maisha yote. Kinga yake ni subira ya daktari. Mwaka 1995 Steven Strasberg wa Marekani alieleza kanuni ambayo mabingwa wanaojali huifuata: usikate chochote mpaka uone kwa uwazi vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija wake na mshipa wake wa damu, na nyuma yake uone ini. Nikiwa nimeshika kamera, dakika zile ndizo chumba kinakuwa kimya kabisa. Daktari anayeharakisha hapo simpendi, hata awe na sifa gani mtaani.

Tatu, unaweza kuingia kwa matundu ukatoka umekatwa. Mfuko ukiwa umevimba kwa maambukizi ya muda mrefu, kila kitu kimegandamana, daktari anasimama na kuomba kisu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule. Dakika kama 40 za kujaribu, daktari akashusha mabega, akasema, "Tunafungua." Alipoamka akapapasa tumbo na kukuta bandeji ndefu, akaanza kulia, akidhani kuna kilichoharibika. Nilikaa naye nikamwonyesha mawe yake kwenye kichupa, 11, rangi ya kahawia kama kokwa za ubuyu. Hakuna kilichoharibika. Kubadili njia katikati ni uamuzi wa mtu anayejua kazi, na fomu unayosaini kabla inapaswa kukutajia hivyo. Kama haitaji, uliza.

Mambo mawili ya kwetu niyaseme kabla sijaliacha nyongo. Vijana wenye selimundu hupata mawe haya wakiwa wadogo sana, kwa sababu seli nyekundu zinapovunjika kila siku zinaacha rangi inayoganda kwenye nyongo. Mtoto wa selimundu anayelalamika tumbo la juu kulia apimwe ultrasaundi, asichukuliwe tu kwamba ni maumivu yake ya kawaida. Na ile dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na limau usiku, asubuhi mtu akaona vipande vya kijani chooni akafurahi: vile ni sabuni iliyotengenezwa tumboni na mafuta yenyewe. Mawe yako bado yapo. Mawe yasiyokuuma hata kidogo, kwa upande mwingine, mara nyingi hayahitaji kupasuliwa kabisa.

Ngiri: hapa mizani inasimama sawa, na pengine inaelemea upande usioutarajia

Ngiri ya kinena ni ukuta wa tumbo uliolegea, utumbo au mafuta yakajisukuma nje. Pwani tunaichanganya na busha, kwa hiyo nitenganishe: ngiri hupungua ukilala chali na hujitokeza ukikohoa, busha ni maji yaliyozunguka korodani, halipungui ukilala, na ukiliwekea tochi gizani mara nyingi mwanga unapita. Busha lina upasuaji wake, sitalizungumzia.

Edoardo Bassini wa Italia alifundisha dunia kushona ngiri mwaka 1887, kwa kuvuta misuli ikutane. Kilichovutwa hukaza, na kilichokaza huachia. Ngiri nyingi zilirudi. Miaka ya 1980 huko Los Angeles, Irving Lichtenstein na wenzake wakaanza kuweka wavu kama kiraka, bila kuvuta chochote. Njia hiyo ya mkato mmoja wa sentimita chache kinenani ndiyo iliyoenea duniani. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba inawezekana kwa ganzi ya sehemu. Mgonjwa yuko macho. Nimewahi kusikia mzee akimweleza daktari bei ya korosho huku anashonwa.

Matundu kwa ngiri nayo ni njia nzuri. Wavu unawekwa kwa ndani, maumivu ya siku za mwanzo ni madogo, na uwezekano wa kubaki na maumivu sugu ni mdogo zaidi. Kwa ujumla takriban mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya muda mrefu baada ya upasuaji wa ngiri. Lakini matundu yanadai nusukaputi, yanadai mashine, na yanadai daktari aliyeshafanya nyingi, kwa kuwa ni kati ya upasuaji mgumu kujifunza. Kuna wagonjwa ambao ningewaambia wayatafute: mwenye ngiri pande zote mbili, maana kwa matundu yale yale zinazibwa zote, aliyewahi kukatwa ikarudi, ili daktari apite njia ambayo haina makovu, na mwanamke, kwa sababu ngiri ya kinena ya mwanamke mara nyingi huwa chini zaidi ya ilivyodhaniwa na hujisonga upesi, kwa hiyo haifai kusubirishwa. Mtoto mdogo hahitaji wavu wala mashine. Mkato mdogo, uzi, basi.

Kijana wa bodaboda alikuwa na ngiri moja, upande mmoja, ya mara ya kwanza. Kwa mtu kama huyo njia zote mbili zinakubalika na miongozo ya kimataifa. Tofauti inabaki kwenye mfuko na kwenye usingizi. Kwa nini alipie nusukaputi na vifaa vya gharama wakati nusu saa ya ganzi na mkato mfupi vinatosha?

Hili la gharama lina ushahidi kutoka jirani kabisa. Mashariki mwa Uganda watafiti waliwapasua wanaume 302 wenye ngiri kwa ganzi ya sehemu; nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa dola takriban 125, nusu wavu wa kitambaa cha chandarua wa dola moja hivi. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu kundi la chandarua, na hakuna kundi la pili. Matokeo yalichapishwa 2016. Naomba nisieleweke vibaya: chandarua kile hakikuwa na dawa ya mbu, na kilitakaswa kwa vipimo maalumu. Usimpelekee daktari neti ya kitandani. Lakini ukiambiwa kwamba wavu wa bei ndogo ni wa watu wa hali ya chini na hauzuii ngiri, sasa unajua.

Na kusubiri je? Mwaka 2006 Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanaume wenye ngiri isiyowasumbua. Waliojisonga ghafla walikuwa chini ya 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo si kosa mtu kusubiri. Ila walipowafuatilia hadi miaka 10, karibu 7 kati ya 10 waliosubiri walikuwa wameshapasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Na mimi naongeza la kwangu: kusubiri ni kwa mtu ambaye akizidiwa saa nane usiku atafika hospitali kabla ya asubuhi. Anayeishi kisiwani, au mahali ambapo mvua ikinyesha daraja halipitiki, ningemshauri apasuliwe kwa hiari yake akiwa mzima. Ngiri ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu, inauma, na umeanza kutapika, hapo hakuna tena habari ya kuchagua.

Kidole tumbo: tofauti ipo, ila ni ndogo

Hapa nitakuwa mfupi. Mkato wa kidole tumbo ni mdogo wenyewe, umebaki karibu pale pale alipouweka Charles McBurney mwaka 1894, kulia chini. Matundu yanaleta usaha mchache kwenye kidonda na siku chache za kitandani. Faida inaonekana hasa kwa mtu mnene, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa sababu kamera inaweza kuonyesha kwamba kumbe tatizo ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Kwa kijana mwembamba asiye na shaka yoyote, mkato mzuri unafanywa upesi na unapona vizuri.

Dawa za antibayotiki pekee nazo zimejaribiwa kwa umakini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020 ulionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa dawa, karibu 3 kati ya 10 walilazimika kupasuliwa ndani ya siku 90. Kwa mtu mzima aliyethibitishwa kwa kipimo cha CT kwamba hakijapasuka, ni chaguo la kuongea na daktari. Kununua dawa dukani na kulala nyumbani ni jambo jingine kabisa, na hilo tunaliona mwisho wake mezani kila mwezi. Kitu kimoja nasisitiza: usihamishe mgonjwa wa kidole tumbo mji mzima kutafuta matundu. Saa ulizopoteza barabarani ndizo zinazokipasua.

Dharura: heshimuni kovu refu

Utumbo uliotobolewa na taifodi, utumbo uliojisokota, wengu uliopasuka kwenye ajali ya pikipiki. Hawa wanafunguliwa kuanzia juu ya kitovu hadi chini, upesi, kwa mwanga mkubwa na mikono miwili ndani ya tumbo. Kamera inaweza kusaidia kwa baadhi yao pale hali inaporuhusu, lakini damu inapojaa kioo hakionyeshi kitu, na tumbo lililochafuka kila pembe linahitaji kuoshwa lita kwa lita. Jopo la kimataifa lililochapisha ripoti yake kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, lile lililosema watu bilioni 5 hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoimudu, lilitaja vipimo vitatu vya hospitali inayojitosheleza: kupasua kumzalisha mama, kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje, na kufungua tumbo. Roboti haikutajwa. Ukiwa na ndugu mwenye kovu refu la katikati ya tumbo, yuko hai kwa sababu yupo aliyethubutu kukata.

Roboti

Mashine ya da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000. Mwaka uliofuata Jacques Marescaux, akiwa New York, alimtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa kuongoza roboti ng'ambo ya bahari. Ni huyo huyo aliyeanzisha kituo cha mafunzo cha IRCAD, ambacho tawi lake la Afrika lilifunguliwa Kigali mwaka 2023. Hilo linanifurahisha mno, kwa sababu madaktari wetu sasa wanaweza kufundishwa matundu na roboti bila kupanda ndege kwenda Ulaya.

Lakini kwa mgonjwa wa leo mwenye nyongo au ngiri, roboti haijathibitika kumpa nafuu kubwa kuliko matundu ya kawaida. Kwa nyongo, uchambuzi wa rekodi za wazee wa Marekani uliotoka 2023 ulikuta mrija mkuu ulijeruhiwa zaidi kwa roboti kuliko kwa matundu. Nguvu yake iko kwenye mahali finyu, kama tezi dume na saratani ya chini kabisa ya utumbo. Usiuze shamba kwa ajili ya roboti ya kutoa mawe.

Usiku wa kuamua

Kuna wagonjwa ambao mwili wao huchagua kwa niaba yao. Mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu anaweza kushindwa kuvumilia tumbo lililojazwa hewa, kwa sababu inasukuma kiwambo juu na kubana damu inayorudi moyoni. Aliyepasuliwa mara tatu zamani ana utumbo ulioshikamana na ukuta, na tundu la kwanza linaweza kumtoboa. Ujauzito peke yake haumzuii mama kutibiwa kwa matundu.

Baada ya hapo, maswali ninayotamani kila mgonjwa aulize ni haya, na ayaulize bila kuona haya: "Daktari, kwa ugonjwa wangu, wewe mwenyewe unatumia njia gani zaidi? Umeshawafanyia wangapi? Ukikwama katikati utafanyaje? Nitalazwa kwa nusukaputi, sindano ya mgongo, au ganzi ya sehemu? Bei uliyonitajia inaingiza na kubadili kwenda wazi?" Daktari mzuri hakasiriki. Nimewaona wakivuta kiti na kukaa. Ukisikia "wewe niachie mimi tu", tafuta maoni ya pili kama hali yako inaruhusu.

Uliza pia kama thieta yao inatumia orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ile ya kusimama na kusoma kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande gani, kabla kisu hakijagusa. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Morogoro, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja. Ningechagua thieta inayoisoma na kukata wazi kuliko yenye kamera mpya isiyoisoma.

Ukitoka, aliyekatwa wazi tumboni asibebe ndoo ya lita 20 kwa wiki 6, hata majirani wamwite mvivu, maana ule utando mweupe unaunganika polepole na ngiri ya kovu huanzia hapo. Aliyetobolewa anadanganywa na udogo wa kidonda. Anajiona mzima, anarudi sokoni, hana wa kumwangalia. Kwake kipimo ni kimoja: kila siku inapaswa kuwa nafuu kuliko jana. Maumivu yanayoongezeka siku ya pili au ya tatu, tumbo kujaa, homa, macho kuwa ya njano, si "gesi inatoka". Huenda nyongo inavuja au utumbo umetobolewa bila kuonekana. Rudi hospitali usiku huo huo, usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi.